Mkono Shingoni, Mkojo Mtegoni

Thomas Winterbottom, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Sierra Leone mwishoni mwa karne ya 18, alirudi kwao na mwaka 1803 akachapisha kitabu juu ya watu wa huko na magonjwa yao. Humo mna habari fupi ambayo haimtoki msomaji upesi. Wafanyabiashara ya watumwa, anaeleza, waliogopa kumnunua mtu mwenye tezi zilizovimba nyuma ya shingo, na ikiwa wamekwisha kumnunua walifanya haraka kumwondoa mikononi mwao. Uzoefu wa biashara ulikuwa umewafundisha kwamba mwenye tezi hizo ataanza kusinzia, atakonda, na mwisho wake ni kufa. Ilibaki miaka mia moja ndipo kimelea cha malale kionekane kwenye hadubini, lakini mnunuzi wa watu alikwisha kumjua mgonjwa kwa kumtazama na kumpapasa.

Dalili hiyo ikapewa jina la daktari, na wanafunzi wa udaktari wanaikariri hadi leo. Soko lililoigundua halitajwi sana.

Visa vya namna hii huwavutia wanahistoria wa milango ya fahamu, kundi lililokua vyuoni tangu Mfaransa Alain Corbin alipotoa, mwaka 1982, kitabu chake juu ya harufu na uvundo katika Ufaransa ya zamani. Swali lao ni jepesi kulitamka, gumu kulijibu: watu wa kale walinusa nini, walisikia nini, waligusa nini, na hayo yaliamua vipi nani aaminiwe na nani atengwe? Wanapokaa ukumbi mmoja na watafiti wa magonjwa ya nchi za joto, malaria ndiyo huchukua muda mwingi, na ile imani ya zamani kwamba hewa mbaya ya mabwawa ndiyo iliyoleta homa. Mimi naona malale yanastahili kiti cha mbele. Ugonjwa huu umepita kwenye ngozi, jicho na pua kwa namna ambayo malaria haijapita, na unaonyesha jambo ambalo si la kujivunia: kwa muda mrefu wataalamu walihangaika zaidi kujua mbung'o, nzi anayeueneza, anahisi nini kuliko walivyohangaika kujua mgonjwa anahisi nini.

Mwanzoni mwa 1901, madaktari wawili ndugu, Albert na Jack Cook wa hospitali ya misheni ya Mengo, Kampala, walianza kupokea wagonjwa wa ugonjwa ambao haukuwa umeripotiwa upande ule. Homa za kuja na kuondoka, tezi za shingo, kisha usingizi wa mchana usiozuilika. Ndani ya miaka michache fukwe za Busoga na Buganda na visiwa vya Ziwa Viktoria vikabaki mahame. Inakadiriwa kuwa watu wapatao 250,000 walikufa Uganda kati ya 1900 na 1920. Royal Society ya London ilituma tume mwaka 1902. Mwitaliano kijana, Aldo Castellani, akaona vimelea katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Mwaka uliofuata akafika David Bruce, ambaye huko Zululand alikwisha kuonyesha kuwa nagana ya ng'ombe hutokana na kimelea kinachobebwa na mbung'o.

Bruce hakujaribu kukamata nzi wa nchi nzima peke yake. Alimwomba Apolo Kagwa, Katikiro (waziri mkuu) wa Buganda, pamoja na machifu na wamisheni, wakusanyishe nzi wa mahali pao na kueleza kama malale yapo au hayapo. Vifurushi vya nzi wakavu vikamiminika Entebbe. Kila kimoja kikatiwa nukta kwenye ramani, na ramani ya mbung'o ikaangukia karibu sawasawa juu ya ramani ya ugonjwa: ukanda mwembamba unaofuata maji. Sifa za ugunduzi huo zilimwendea Bruce. Macho yaliyowatambua nzi hao vichakani na mikono iliyowanasa ilikuwa ya watu wa Uganda, na majina yao hayamo vitabuni.

Wakati huohuo, shule ya tiba ya nchi za joto ya Liverpool ilikuwa imetuma madaktari wake Kongo ya Mfalme Leopold, miongoni mwao Joseph Dutton na John Todd. Safari yao ya kuupanda mto iliwafikisha mashariki, katika nchi ya Manyema ambako Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuota mizizi. Huko walionyesha kwamba homa iliyokuwa ikiwaangusha wasafiri wa misafara huletwa na papasi, wale kupe wa sakafuni wanaotoka usiku na kumnyonya mtu aliyelala. Dutton mwenyewe alipatwa na homa hiyo, akafa Kasongo Februari 1905.

Todd akabaki, na jina lake likashikamana na tezi za shingo. Hoja yake ilikuwa kwamba hakuna njia ya haraka ya kupima malale kuliko kupapasa. Watu wa kijiji wanapangwa mstari. Daktari anasimama nyuma, anapitisha vidole chini ya kisogo na kandokando ya shingo, mtu mmoja baada ya mwingine, bila hata kuuona uso wa anayemshika. Akikuta tezi laini inayoteleza, anaibana kati ya vidole vya mkono wa kushoto, anaichoma sindano, anaikanda kidogo, na tone linalotoka analiweka kwenye kioo. Chini ya hadubini, kimelea kikiwepo, huonekana kikijipinda na kusukumasukuma chembe za damu. Kwa dakika chache mtu aliyeamka akijiona mzima anakuwa mgonjwa wa kutengwa.

Sijui kama Todd aliwahi kufikiria kwamba alikuwa akirudia kazi ya mnunuzi wa Sierra Leone. Tofauti ipo, bila shaka: mmoja alitafuta faida, mwingine alitafuta tiba. Kwa aliyesimama mstarini, hata hivyo, mkono ulikuwa uleule, mahali palepale, na uamuzi ulitoka kwa mtu asiyemuuliza neno. Mwanahistoria Maryinez Lyons, katika kitabu chake cha mwaka 1992 juu ya malale kaskazini mwa Kongo, ameeleza jinsi utaratibu huo ulivyogeuka kuwa vibali vya kusafiri, kamba za askari na kambi za wagonjwa ambazo wanakijiji waliziona kuwa ni mahali pa kwenda kufia. Watu wakajifunza kukimbilia porini msafara wa daktari ukikaribia. Sehemu nyingine za Afrika, Magharibi hasa, tezi zilikatwa zikatolewa kabisa na waganga wa kienyeji, na kovu la shingoni likawa nalo dalili ya kusomwa.

Tiba yenyewe ndiyo habari mbaya zaidi. Robert Koch, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1905, alipiga kambi visiwa vya Ssese mwaka 1906 akiwa na atoksili, dawa yenye aseniki ndani yake. Mwanzoni matokeo yalifurahisha. Waliobebwa kwa machela waliamka, wakatembea, wakala. Kisha ugonjwa ukarudi, na Koch akaongeza dozi. Zaidi ya wagonjwa 20 wakapofuka, na upofu huo haukuondoka. Koch aliacha dozi kubwa, lakini atoksili iliendelea kutumika katika makambi ya Wajerumani upande wa Bukoba na Ziwa Tanganyika. Miaka 20 na zaidi baadaye kisa hicho kilijirudia kwa dawa nyingine ya aseniki, tripasamidi, huko Bafia nchini Kamerun, ambako watu mamia walipoteza macho baada ya kupewa dozi iliyozidi. Mtu alikwenda kutibiwa usingizi, akarudi nyumbani akishikwa mkono.

Na huo usingizi wenyewe ulieleweka visivyo. Mgonjwa wa malale halali saa zote. Usiku na mchana wake hubadilishana mahali: jua likiwa utosini anasinzia na tonge mkononi, usiku anakesha macho makavu huku jamaa zake wamelala. Kabla ya hapo kuna maumivu ambayo madaktari wa mwanzo hawakuyaandika, kwa sababu aliyeyahisi hakuulizwa. Yaliingia vitabuni kwa njia ya ajabu. Jean Kérandel, daktari wa jeshi la Ufaransa, aliambukizwa malale akiwa Kongo, na mwaka 1910 akayaeleza yaliyompata mwilini mwake. Akigonga mkono kidogo tu kwenye meza, mara ya kwanza hasikii kitu. Kitambo kidogo kikipita, maumivu makali hupasuka mfupani, hayalingani kabisa na huko kugonga. Hata kuzungusha ufunguo mlangoni likawa jambo la kuliogopa. Dalili hiyo inaitwa ya Kérandel. Ni wazi kwamba maelfu ya wavuvi na wakulima waliihisi kabla yake. Yeye alikuwa na kalamu na cheo cha kumfanya aaminiwe.

Baadaye, mwaka 1949, ikaja melasopro, nayo ya aseniki, iliyoweza kufuata vimelea hadi kwenye ubongo. Ilitumika zaidi ya nusu karne. Ilihitaji sindano ya kioo kwa kuwa kiyeyusho chake huharibu plastiki, na wagonjwa waliilinganisha na moto unaopita mishipani. Karibu mgonjwa mmoja katika kila 20 aliuawa na dawa yenyewe. Wauguzi walijua, wagonjwa walijua, na sindano iliendelea kuchomwa kwa sababu asiyetibiwa alikuwa hana njia ya kupona.

Katika hali hiyo, haishangazi kwamba hofu ya kunyonywa damu ilienea. Luise White, mwanahistoria Mmarekani, amekusanya masimulizi ya mumiani, wazimamoto na banyama kuanzia Nairobi hadi Zambia ya leo, na mara kwa mara waliotuhumiwa ni watu wa idara ya mbung'o: hao wenye nyavu, chupa na sindano, wanaozunguka vichakani bila kueleza wanachotafuta. Serikali ilizicheka hadithi hizo. Lakini anayechomwa sindano na wageni wasiomweleza neno ana haki ya kujiuliza damu yake inakwenda wapi.

Upande wa nzi mambo yalikwenda kwa uangalifu zaidi. Kwenye mashamba ya kakao ya kisiwa cha Príncipe, Wareno waliona kwamba mbung'o hupenda kutua kwenye kitu cheusi kinachotembea. Wakawavika vibarua vitambaa vyeusi vilivyopakwa ulimbo mgongoni, wakawaacha wafanye kazi zao kama kawaida. Nzi walinata kwa maelfu. Pamoja na kufyeka na kuua nguruwe-mwitu, kisiwa kikasafishika kufikia 1914, ingawa nzi walirejea mwaka 1956. Vibarua hao ndio waliokuwa mtego na chambo kwa pamoja, na ndio waliobaki na ulimbo jasho likitoka.

Tanganyika ya Waingereza ilichagua shoka. Charles Swynnerton, aliyeiongoza idara ya mbung'o, aliwaona Wasukuma wa Shinyanga wakifyeka vichaka kwa maelfu chini ya watemi wao ili ng'ombe wapate malisho, na makao ya utafiti yakawa Shinyanga. Ili kujua kama nzi wanapungua, wafanyakazi walipita njia maalumu porini na nyavu mikononi, wakinasa na kuhesabu. Mtindo huo wa kuhesabu kwa miguu ulitumika Afrika Mashariki na Kusini kwa miongo mingi, na takwimu zake zikajaza ripoti.

Kasoro yake ilikuja kuonekana katika bonde la Zambezi miaka ya 1970. Mtafiti Glyn Vale, kwenye kituo cha Rekomitjie, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, aliamua kuitenga harufu na umbo. Aliwaweka ng'ombe kwenye shimo lililofunikwa chini ya ardhi, akavuta hewa yao kwa feni na kuitoa juu kwa bomba, mahali ambapo mnyama haonekani kabisa. Kandokando akatega nyavu za umeme, nyembamba kiasi kwamba nzi hazioni. Mbung'o wakaja wakifuata upepo, wengi mno, kwenye ng'ombe ambaye hayupo. Kisha akamweka mtu karibu, na nzi wakapungua. Mbung'o wa mbugani, ilionekana, huikimbia harufu ya binadamu, na umbo la mtu aliyesimama wima pia huwapunguza. Kwa maneno mengine, wale wahesabuji waliopita porini kwa miaka yote hiyo walikuwa wakiwafukuza kwa miili yao wenyewe nzi waliotumwa kuwahesabu. Hiki ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote katika historia hii, na nashangaa hakisimuliwi zaidi.

Kilichobaki kilikuwa kuipasua harufu vipandevipande. Pumzi ya ng'ombe ilitoa hewa ya kaboni, asetoni na oktenoli. Nchini Kenya, mtafiti Owaga wa kituo cha ICIPE, kilichoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, aligundua kwamba mkojo wa nyati huwavuta mbung'o kwa nguvu. Wakemia, Ahmed Hassanali akiwa mmoja wao, wakaonyesha kwamba siri iko kwenye fenoli za mkojo, na kwamba mkojo wa ng'ombe nao unazo. Mfugaji asingeshangazwa na habari hiyo: wafugaji walikwepa misitu ya nyati tangu zamani, wakijua kwamba alipo mbogo na mbung'o yupo.

Nguruman, kusini mwa Kenya kwenye nchi ya Wamaasai, elimu hiyo ilishonwa kwa uzi na sindano. Mtego wenyewe ni kitambaa cha buluu nje, cheusi ndani, na koni ya neti juu inayomwongoza nzi kwenda kwenye mfuko wa plastiki asikoweza kutoka. Buluu humwita kutoka mbali, weusi humfanya atue. Chini yake huwekwa chupa ya asetoni na chupa ya mkojo wa ng'ombe uliochachuka kwa siku kadhaa, ambao wenye ng'ombe hukinga wenyewe bila kununua kitu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mitego karibu 190 ilitosha kupunguza nzi kwa asilimia 98 hadi 99 katika eneo la kilomita za mraba 100. Hakukuwa na ndege ya kunyunyizia sumu wala msitu uliofyekwa.

Kisha watafiti wa ICIPE wakaligeuza swali: ni mnyama gani mbung'o hamgusi? Jibu lilikuwa kuro. Anaishi kando ya maji, katikati ya nzi, na manyoya yake yana mafuta yenye harufu nzito, lakini katika damu iliyokutwa matumboni mwa mbung'o, ya kuro ni nadra. Harufu yake ikachanganuliwa, ikatengenezwa upya maabara, ikatiwa kwenye vichupa vinavyofungwa kwenye kola ya ng'ombe. Majaribio ya Kwale, karibu na Shimba Hills, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionyesha nagana kupungua kwa zaidi ya asilimia 80 kwa ng'ombe waliovishwa kola hizo.

Si kila mbung'o anatekwa na pua. Nzi wa kandokando ya mito, wale wanaobeba malale ya Kongo na kaskazini magharibi mwa Uganda, harufu ya ng'ombe huwagusa kidogo tu. Hao hufuata macho. Ndiyo maana huko vinatumika vipande vidogo vya kitambaa cha buluu na neti vilivyotiwa dawa, kila kimoja sentimita 25 kwa 25, vikisimikwa kwenye vijiti kando ya maji. Unguja nako nzi aliyekuwapo hakupenda mitego ya harufu, na wataalamu walilazimika kumfuatilia kwa mbao za gundi. Alimalizwa kwa njia nyingine kabisa: madume zaidi ya milioni 8 waliofugwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi walimwagwa kwa ndege juu ya kisiwa kati ya 1994 na 1997. Nagana ikatoweka Unguja.

Mgonjwa naye alisubiri hadi Desemba 2018, Kongo iliposajili feksinidazo, vidonge vya siku 10 vinavyomezwa nyumbani au zahanati. Hakuna tena moto mishipani, na wengi hawahitaji kuchomwa uti wa mgongo kabla ya kuanza tiba. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likaruhusu dawa hiyo itumike pia kwa malale ya Afrika Mashariki, ambayo huua haraka zaidi. Wagonjwa walioripotiwa barani kote walikuwa karibu 40,000 mwaka 1998. Mwaka 2018 walikuwa 977. Kenya ilithibitishwa Agosti 2025 kuwa imeyaondoa malale kama tatizo la afya ya jamii.

Malale ya upande wetu, hata hivyo, yangali yanaishi ndani ya pongo, nyati na ng'ombe wasioonyesha dalili, na mbuga za wanyama hazitafyekwa. Kwa hiyo ukienda Serengeti au mbuga nyingine yenye mbung'o, acha nyumbani nguo za buluu na nyeusi. Chagua rangi ya mchanga au majani makavu. Ukiumwa na nzi pakavimba na kuwa jekundu, kisha homa ikafuata ndani ya wiki chache, usikubali kupimwa malaria peke yake. Mwambie daktari ulikotoka, na ueleze unavyojisikia bila kungoja kuulizwa.